Kona ya Shamba na Mifugo: Muhogo unaooza ndani kwa ndani, chanjo ya ndigana, na msomaji anayeuliza watafiti wametuletea nini

Meseji za mwezi huu zimezidi nafasi ya ukurasa, kwa hiyo nimechukua zile ambazo naona zinagusa watu wengi na nyingine zinazofanana nimeziunganisha. Karibu wote mnauliza "nitumie dawa gani", na mtaona mara nyingi naanza kumweleza huyo mdudu au huo ugonjwa unaishi vipi kabla sijataja chupa yoyote. Mnivumilie tu, kwenye mazao na mifugo yetu ya nchi za joto karibu kila kitu kilichofanikiwa kilianzia hapo.

Habari za kazi bwana shamba. Niko Mkuranga, nina eka mbili za muhogo. Majani yako vizuri kabisa, mtu akipita njiani anasifia. Juzi nimeanza kung'oa nakuta ndani kuna madoa ya kahawia makavu kama kizibo, mingine imeoza kabisa, mnunuzi kaangalia kaondoka zake. Dukani waliniuzia dawa ya nzi weupe nimepuliza mpaka nimechoka, hamna kitu. Nifanyeje jamani, ndo ada ya watoto hiyo. – Mama mkulima, Mkuranga

Pole sana mama. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na ubaya wake ndo huo ulioueleza, unakuficha mpaka siku ya kung'oa. Watu wengi wanauchanganya na batobato lakini batobato unaiona mapema, majani yanajikunja yanakuwa na mabaka ya njano na mmea unadumaa, sasa michirizi mmea unaweza kuwa umenenepa vizuri tu na chini kumeharibika. Ukiangalia kwa makini utakuta majani ya chini, yale yaliyokomaa, yana unjano unaofuata mishipa ya jani, na kwenye shina la kijani kuna vijistari vya kahawia. Majani ya juu usiyategemee, hayasemi kitu.

Ni kirusi, na kirusi hakina dawa ya kupuliza. Nzi weupe kweli ndo anakibeba kutoka mmea hadi mmea ila habebi kwa muda mrefu wala hakifikishi mbali, kwa hiyo ukiona ugonjwa umeruka wilaya nzima ujue haukurushwa na nzi, umepakiwa kwenye baiskeli au kwenye bodaboda, yaani ni pingili za mbegu ambazo jirani kampa jirani. Na hapo ndo penye dawa yako mama. Siku unang'oa, kila shina unalotaka kulitumia mbegu kata kwanza mihogo yake yote uangalie ndani, ukikuta hata doa moja lile shina usilipande na usimpe mtu, hata kama ni refu na zuri kiasi gani. Shamba jipya likishaota pita pita ile miezi mitatu ya mwanzo, unaloona lina dalili ling'oe. Alafu usiuache muhogo shambani ukae mwaka na nusu kama benki, kwenye ugonjwa huu kadiri unavyokaa ndo kuoza kunaongezeka, ng'oa ukikomaa.

Mbegu ya kuanzia, ukiweza nenda TARI Kibaha, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, sio mbali na wewe, uulizie mbegu zinazostahimili michirizi. Kiroba wakulima wa Pwani wanaijua siku nyingi, na kuna nyingine kama Mkuranga 1 na Kizimbani. Kustahimili maana yake sio kwamba haugui kabisa, maana yake anaugua na bado unavuna, kwa hiyo ile kazi ya kuchagua mashina iko palepale.

Na hapa naomba niongeze kitu maana kinanigusa. Huu ugonjwa uliandikwa kwa mara ya kwanza hapahapa kwetu, mwaka 1936, na mtafiti anaitwa Storey aliyekuwa kituo cha Amani, kule milima ya Usambara Mashariki juu ya Muheza, kituo ambacho Wajerumani walikifungua 1902. Yeye na wenzake hawakuishia kuandika, walianza kuzalisha mbegu kwa kuuchanganya muhogo wa kawaida na ndugu zake wa porini, mmojawapo ni ule mti wa mpira wa Ceara uliokuwa umepandwa sana enzi za Mjerumani. Wakachanganya, wakarudisha tena kwenye muhogo, wakarudisha tena, miaka inaenda, mpaka mradi ukafungwa 1957. Sasa sikiliza, zile mbegu hazikupotea. Wakulima walikuwa wameshazichukua, wakaendelea kuzipanda na kupeana na kuzipa majina yao, pwani ya Kenya wanaiita Kaleso na kusini kwetu huku wanaiita Namikonga, na ni mbegu moja. Mwaka 2004 michirizi ilipolipuka Uganda kwenye maeneo ya juu ambayo watu waliamini hauwezi kufika, wazalishaji wa mbegu wakarudi kuitafuta hiyohiyo Namikonga ili waitumie kama mzazi. Yaani bibi zetu wa Mtwara na Lindi walitunza kwenye mashamba yao kazi ya maabara kwa nusu karne bila mshahara, na mimi naona na wao ni watafiti, waandikwe.

Kuku wangu wa kienyeji nimewachanja mdondo na bado wamekufa. Hii chanjo ni feki? – Msomaji, Singida

Inawezekana sio feki ndugu yangu. Niambie kwanza uliwachanja lini, kabla au baada ya kuona mmoja kajikunja shingo? Wengi wanakimbilia chanjo siku kuku wa kwanza anapokufa, na hapo umeshachelewa, kirusi kiko ndani ya banda tayari na chanjo inataka kama wiki moja mbili ndo mwili ujijenge.

Chanjo ya matone tunayotumia vijijini, ile ya I-2, ilitengenezwa Australia chuo kikuu cha Queensland makusudi kwa ajili ya kuku wa vijijini wa nchi za joto ambako friji hakuna, na mbegu yake wakapewa nchi zenyewe zitengeneze, kwa hapa kwetu inatengenezwa na maabara ya serikali ya mifugo, TVLA. Inavumilia joto kuliko zile za zamani lakini kuvumilia sio kuiweka juu ya dashibodi ya gari kutoka Singida mjini hadi kijijini. Iwe kwenye kivuli, ifungwe na kitambaa kibichi, na jua lisiigonge. Tone moja kwenye jicho moja, kuku wote mpaka vifaranga, na urudie kila baada ya miezi mitatu hadi minne, hapo kwenye kurudia ndo wengi tunapofeli. Mkikubaliana kijiji kizima mchanje siku moja ndo nzuri zaidi. Pia ujue inazuia mdondo peke yake, ndui na mafua ya kuku ni magonjwa mengine na yana mambo yake.

Mhariri salamu. Sisi ni wafugaji wa Simanjiro. Ndama wanatuishia kwa ndigana kali, tezi zinavimba chini ya sikio, homa, anahema kwa shida, povu linatoka puani, siku chache amekwenda. Daktari anatuambia ipo chanjo ya mara moja maisha yote lakini anataka tukusanye ndama wengi kwa pamoja na bei yake sio ndogo. Wazee wanaogopa ni biashara tu. Na kiangazi sisi tunachanganyika na nyati huko malishoni, itafanya kazi? – Mfugaji

Wasalimie wazee, waambie wana haki ya kuuliza, na waambie daktari amesema kweli.

Tuanze na kupe mwenyewe. Huyu ni yule wa kahawia anayependa masikio. Katika maisha yake ananyonya damu mara tatu tu, akiwa mdogo kabisa, akiwa wa kati na akishakuwa mkubwa, na kila mara akishiba anadondoka, anabadilika, anapanda mnyama mwingine. Hizo hatua ndo njia ya ugonjwa, anaokota vijidudu kwa ng'ombe huyu akiwa mdogo na anakuja kuvimwaga kwa ng'ombe yule akiwa amekua. Mayai yake hayarithi ugonjwa. Kwa hiyo kupe asiyewahi kunyonya mnyama mwenye vijidudu hana shida ya ndigana.

Chanjo yenyewe haifanani na zile mlizozoea. Wanakupa ugonjwa wenyewe ulio hai pamoja na sindano ya dawa ya oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu, vyote siku hiyohiyo, dawa inauzuia ugonjwa usimuangushe ndama wakati mwili wake unajifunza kupigana nao, na akishajifunza amejifunza. Iligunduliwa Muguga karibu na Nairobi miaka ya 1970, kipindi kile kituo kikiwa cha Afrika Mashariki yote, ndo maana mpaka leo unasikia "mseto wa Muguga", kwa sababu wamechanganya aina tatu za vijidudu na moja kati ya hizo ina jina la Serengeti. Siku hizi inatengenezwa Lilongwe, Malawi.

Kwa nini daktari anataka ndama wengi kwa mpigo? Vijidudu vinapatikana kwa kulisha kupe kwenye mnyama mgonjwa, kupe wanasagwa, maji yake yanagandishwa kwenye naitrojeni ya baridi kali sana, ndani ya vimirija vidogo, na kimirija kimoja kina dozi za ndama wengi, kikishayeyushwa hakirudi kugandishwa, kinatakiwa kiishe ndani ya masaa machache. Akija kuchanja ndama wanne, zilizobaki zinamwagwa na nyinyi ndo mnalipia. Kwa hiyo ongeeni boma kwa boma, mpange siku. Na asichanje mtu yeyote aliyebeba sindano, lazima awe amefundishwa hii kazi, maana dozi ya dawa ikipungua umempa ndama ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe, hili nalisema kwa msisitizo kabisa. Baada ya hapo mwangalieni ndama kwa wiki tatu hivi, wachache wanaweza kupata homa na kuhitaji dawa. Ndama anavishwa hereni ya chanjo sikioni, na wanunuzi wa minadani kaskazini wanaiangalia hiyo hereni, ng'ombe aliyechanjwa ana bei yake.

Swali la nyati ndo gumu na nawashukuru mmeliuliza. Vijidudu vinavyoishi kwa nyati ni vya aina nyingi kuliko vya kwenye ng'ombe, na chanjo hii haivizuii vyote kwa uhakika. Wafugaji wengi wa maeneo ya wanyamapori huko kaskazini wanaitumia na vifo vya ndama vimepungua sana, lakini msiniambie baadaye kwamba nilisema mkachunge na nyati bila wasiwasi. Kama kuna namna ya kuwaweka ndama wadogo mbali na njia za nyati mpaka wachanjwe na wapone, fanyeni hivyo. Josho msiache. Ndigana baridi, kukojoa damu na maji moyo vyote vinaletwa na kupe na hii chanjo haivigusi hata kidogo. Kinachobadilika ni kwamba mnaweza kuogesha kwa kupunguza, daktari wenu atawapangia kulingana na kupe wa hapo.

Na kama ndama ameshaanza kuvimba tezi leo hii, usisubiri chanjo, mwite daktari haraka kwa dawa ya buparvakwoni. Ikitolewa mapema inaokoa, ikishafika povu puani mara nyingi ni kupoteza hela.

Niko Tarime. Shamba langu limejaa gugu la kiduha, mahindi yanabaki mafupi ya njano, na mwaka huu viwavijeshi nao wakamalizia. Nimesikia kuna watu wanapanda majani ya ng'ombe katikati ya mahindi na kiduha kinaisha. Ni kweli au ni stori? – Kijana mkulima

Ni kweli kaka, na imetoka hapo ng'ambo yenu tu, Mbita, upande wa Kenya wa ziwa, kwenye kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu ambayo Profesa Thomas Odhiambo aliianzisha mwaka 1970. Wenyewe wanaiita vuta sukuma. Miaka ya 1990 timu ya Zeyaur Khan pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti cha Rothamsted kule Uingereza walikuwa wanahangaika na funza wa mabua, sio kiduha. Wakatafuta majani ambayo nondo wa huyo funza anayapenda kuliko mahindi, wakayapanda pembeni yamvute, na majani ambayo harufu yake hawezi kuivumilia wakayapanda katikati ya mistari yamsukume. Yale ya katikati ni desmodiamu. Sasa wanakuja kuangalia wanakuta kwenye desmodiamu kiduha hakipo! Hawakutegemea. Ikabidi wafukue chini kujua kuna nini, wakakuta mizizi yake inatoa kemikali zinazoiamsha mbegu ya kiduha iote alafu nyingine zinaizuia isishike mzizi wa muhindi, kwa hiyo inaota na kufa njaa hapohapo. Hii ni kubwa kwa sababu mmea mmoja wa kiduha unaangusha maelfu kwa maelfu ya mbegu na zinalala udongoni miaka kumi na zaidi, ukipalilia kwa jembe unakata tu kilichoota juu na hazina ya chini iko palepale inakusubiri.

Kuhusu viwavijeshi vamizi, hawa waliingia Afrika 2016 wakitokea Amerika, na ICIPE walipopima kwenye mashamba ya vuta sukuma walikuta viwavi wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 ukilinganisha na mahindi peke yake.

Ila nikwambie ukweli wa kazi yenyewe. Msimu wa kwanza ni jasho, desmodiamu inaota polepole na inataka palizi ya mkono makini maana ikiwa ndogo inafanana na magugu, mbegu yake ni ghali na sio kila duka linayo, wengine wanatumia vipando vya kukata kutoka kwa aliyetangulia. Pembeni zungusha matete au brakaria. Na kama kwenu baada ya mavuno ng'ombe wa kila mtu wanaachiwa mashambani, utaikuta imelambwa yote, kwa hiyo uzio au makubaliano na majirani kabla hujapanda. Ikishasimama haipandwi upya kila mwaka, unaikata unampa ng'ombe, maziwa yanaongezeka, na udongo unapata naitrojeni maana ni jamii ya kunde. Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na robo eka ya mahindi mimi ningemwambia aanze msimu ujao asifikirie mara mbili. Asiye na mfugo hata mmoja nitamwambia ajaribu kipande kidogo kwanza.

Mimi sitaki ushauri, nataka jibu. Tangu niko mdogo naona watafiti wanakuja kijijini na magari mazuri, wanapima udongo, wanachukua damu ya ng'ombe, wanauliza maswali, wanaondoka. Hatujawahi kuona wamerudi. Mabilioni yanaliwa kwenye semina. Hebu nitajie kitu kimoja walichotufanyia sisi watu wa kawaida. – Mwenye hasira, Morogoro

Nakujibu kaka, na nakutajia vitatu.

Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe. Waulize wazee, au wazee walioambiwa na wazee. Iliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na ng'ombe walioletwa kwa meli, ndani ya miaka kumi ikawa imefika Afrika Kusini, ikapita huku kwetu 1890 na 1891 ikaua ng'ombe tisa kwenye kumi sehemu nyingine, Wamasai walikufa njaa kwa sababu hiyo na wageni wakakuta nchi imelala. Miaka ya 1950 na mwanzo wa 60, palepale Muguga, Walter Plowright na mwenzake Ferris wakapata chanjo iliyolelewa kwenye chembe hai za maabara, salama na rahisi kutengeneza. Baadaye wengine wakaifanya ivumilie joto, na wafugaji wenyewe wakafundishwa kuchanja kule ambako gari la serikali halifiki, Sudan, Somalia, Karamoja. Mara ya mwisho ilionekana Kenya 2001, kwa nyati wa hifadhi ya Meru. Mwaka 2011 dunia ikatangaza sotoka imekwisha. Ni ugonjwa wa pili kufutwa duniani baada ya ndui ya binadamu, na wa kwanza wa mifugo. Ng'ombe wa baba yako yupo hai kwa sababu hiyo, na hakuna anayeikumbuka kwa sababu hakuna anayeiona tena.

Mbung'o wa Unguja. Huko wafugaji walikuwa hawawezi kuweka ng'ombe wa maziwa wa maana karibu na misitu kama Jozani, wanakonda kwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Watafiti wakagundua kitu kwenye maisha ya mbung'o, jike kwa kawaida anapandwa mara moja tu na kuanzia hapo anazaa mtoto mmoja mmoja, hatagi mamia kama nzi wengine. Kwa hiyo kwanza wakawapunguza kwa vitambaa vya bluu vyenye dawa na dawa ya kumwagia ng'ombe mgongoni, alafu kule Tanga wakafuga mbung'o kiwandani, madume wakapigwa mionzi wakawa hawazalishi, na kuanzia 1994 ndege ikawa inawadondosha juu ya Unguja kila wiki, zaidi ya milioni nane kwa jumla. Jike akipata dume wa aina hiyo ndo basi, amemaliza uzazi wake. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa Septemba 1996 na hajaonekana tena. Mafundi wa kulea wale nzi, wa kuwahesabu kwenye mitego, wa kuzunguka msituni, wengi walikuwa Watanzania.

Kidung'ata cha muhogo, mdudu mdogo anayenyonya mmea. Kilionekana Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikafagia mashamba kuvuka bara zima. Badala ya kuwaambia watu maskini wanunue dawa, watafiti wakajiuliza, huyu katokea Amerika Kusini, kwa nini huko haui muhogo? Wakatafuta miaka, 1981 wakamkuta Paraguay, na pamoja naye nyigu mdogo ambaye kazi yake ni kutaga ndani yake. Timu ya Hans Herren wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo iliyoko Ibadan, Nigeria, ikawalea wale nyigu na kuwaachia kwenye nchi karibu 30. Mkulima hakulipa hata senti, na wengi mpaka leo hawajui kwamba kuna nyigu anawafanyia kazi.

Sasa hasira yako. Ina haki, na mimi niko upande wako kwenye hili la kurudi. Mtu akichukua damu ya ng'ombe wako majibu ni ya kwako kwanza kabla hayajawa ya jarida la Ulaya. Mara nyingi mradi una hela ya kuchukua sampuli, ya kurudisha majibu haijaandikwa, ufadhili ukiisha gari linaondoka, na mbegu nzuri inabaki kwenye vitalu vya kituo wakati kijiji cha pili yake kinapanda mbegu mbovu. Hilo linaumiza na linarekebishika. Wakija tena kabla hawajapima chochote waulizeni mbele ya mwenyekiti wa kijiji, majibu mnaleta lini, anayeleta ni nani, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao na namba ya simu. Wasipotaka kuandika, mna haki ya kukataa. Na nyinyi msikae kusubiri gari, vituo vya TARI na vya TALIRI, ambayo ni ya utafiti wa mifugo, ni vya umma, unaingia getini unauliza, Nane Nane unawakuta wamekaa kwenye mabanda yao wana muda. Pale Morogoro uko jirani na kituo cha TARI Ilonga, na SUA, chuo kikuu cha kilimo, ipo mjini kwako.

Mahindi yangu yameota ukungu kidogo, nimeyachambua mabaya nimewapa ng'ombe. Mke wangu ananigombeza. Kosa langu nini? – Kiteto

Mkeo yuko sahihi, na umwambie nimesema hivyo. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, anayoila ng'ombe inapita inatoka kwenye maziwa, na maziwa hayo anakunywa mtoto. Kuchemsha hakuiondoi, si kwenye ugali si kwenye maziwa. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hii Dodoma na hapo kwenu Manyara, na Kenya mwaka 2004 walikufa 125. Hayo yaliyooza fukia.

Msimu ujao, usianike juu ya udongo, tumia turubai. Ukitaka kujua yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi na chumvi kavu kidogo, funga utikise, acha yatulie, chumvi ikiganda kwenye kioo bado yana maji. Yakikauka kweli ndo uyaweke kwenye mifuko ya kinga njaa, ukiyafunga mabichi umeyalea ukungu mwenyewe. Alafu ipo Aflasafe iliyosajiliwa hapa nchini 2018, ni punje za mtama zilizopakwa ukungu wa kwetu wenyewe usiotengeneza sumu, unazimwaga shambani wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele, kilo nne kwa eka, udongo uwe na unyevu. Ule ukungu mwema unawahi nafasi na ule wa sumu unakosa pa kukaa. Inafanya kazi na karanga pia.

Migomba yangu inanyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ukikata ndani usaha wa njano. Nimeambiwa ning'oe shamba zima. – Muleba

Subiri using'oe shamba zima! Huo ni mnyauko bakteria, unyanjano, ulioingia Kagera 2006 ukitokea Uganda. Zamani ushauri ulikuwa kung'oa shina lote na machipukizi yake, na watu walikata tamaa. Utafiti uliofuata ukaonyesha bakteria hafiki kwenye kila chipukizi, kwa hiyo kata ule mgomba wenye dalili tu, chini kabisa usawa wa ardhi, na urudi kila wiki kukata mwingine unaoonyesha dalili. Ugonjwa unashuka taratibu na shamba linabaki.

Unaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni wadudu, nyuki na wengine, wanaotua kwenye ua dume, kwa hiyo chane ya mwisho ikishatoka vunja lile ua kwa kijiti chenye panda, sio kwa panga. Ya pili ndo panga lenyewe, la kwako na la kibarua anayetoka kwa jirani. Lipitishe kwenye moto au lichovye kwenye jiki iliyochanganywa na maji kila unapohama mgomba mmoja kwenda mwingine, na vibarua wape panga la kwako, wasije na la kwao. Miche ya kuzibia nafasi uliza TARI Maruku.